TIBA YA MATAMSHI: KAZI IPO, MSHAHARA JE?



Katika ukurasa huu tumezoea kuzungumza juu ya malaria, chanjo, lishe na uzazi salama. Mwezi huu tunageukia jambo ambalo familia nyingi za parokia zetu hukutana nalo bila kujua kwamba lina mtaalamu wake. Ni shida ya kusema, na pamoja nayo shida ya kumeza chakula. Anayeitibu anaitwa mtaalamu wa tiba ya matamshi.

Tumelichagua somo hili kwa sababu maswali ya aina mbili yanatufikia wodini. La kwanza ni la wagonjwa: "Sista, mtoto huyu atasema lini?" La pili ni la wazazi wenye vijana waliomaliza kidato cha sita: "Sista, kijana wetu anataka kusomea kazi hiyo. Je, ataajiriwa? Na akirudi huku Kanda ya Ziwa badala ya kubaki Dar es Salaam, atalipwa mshahara wa kumtosha?" Maswali haya yanakwenda pamoja. Pasipo mshahara hakuna mtaalamu, na pasipo mtaalamu mgonjwa hubaki nyumbani amenyamaza. Basi tuyajibu yote mawili kwa utaratibu.

1. NI KAZI GANI HII?

Watu wengi hudhani kwamba mtaalamu wa matamshi ni mwalimu wa kuwafundisha watoto kutamka herufi. Hiyo ni sehemu ndogo tu ya kazi yake. Mtaalamu huyu huchunguza namna mtu anavyosikia na kuelewa maneno, namna anavyoyapanga, namna ulimi, midomo, kaakaa na koo vinavyofanya kazi, na pia namna mtu anavyotafuna na kumeza. Kisha humpangia mgonjwa mazoezi, na kuwafundisha ndugu zake jinsi ya kuyaendeleza nyumbani.

Hatumii dawa wala kisu. Vifaa vyake ni kioo, kijiko, kikombe, picha, vitu vya kuchezea, masikio yake mwenyewe na uvumilivu mwingi. Kwa hiyo kazi hii haidai mashine za gharama kubwa. Inadai mtu aliyefundishwa vizuri, anayekaa mahali pamoja kwa muda mrefu na kuijua lugha ya wagonjwa wake.

Jambo hilo la lugha ni la pekee katika kazi hii. Daktari wa upasuaji anaweza kutoka Ulaya, akafanya kazi wiki mbili na kuondoka, na mshono ukapona. Mtaalamu wa matamshi hawezi hivyo. Bibi aliyezungumza Kisukuma au Kihaya maisha yake yote, akipatwa na kiharusi, hatarudishiwa maneno kwa picha zenye majina ya Kiingereza. Tena lazima mtaalamu ajue lipi ni ugonjwa na lipi ni lafudhi. Mtu ambaye lugha yake ya nyumbani haitofautishi r na l akisema "kula" badala ya "kura" hana ugonjwa wowote. Hiyo ni lafudhi tu. Mgeni asiyejua hayo anaweza kumtibu mtu mzima asiyeumwa. Ndiyo sababu tunahitaji vijana wetu wenyewe katika kazi hii.

2. NI NANI ANAYEMHITAJI?

a) Mtoto mwenye mdomo sungura au kaakaa lililo wazi. Duniani hesabu ni karibu mtoto mmoja katika kila watoto 700 wanaozaliwa. Shirika la Smile Train hulipia upasuaji wa watoto hawa katika hospitali linazoshirikiana nazo, hata mzazi halipi kitu. Lakini kufunga kaakaa si mwisho wa tiba. Watoto wengine hubaki wakisemea puani baada ya upasuaji, na wenzao shuleni huwacheka. Hapo mazoezi ya matamshi huhitajika, na mara nyingine upasuaji wa pili.

b) Mtu aliyepatwa na kiharusi. Karibu mgonjwa mmoja katika kila watatu hupata shida ya lugha. Anaweza kujua kila kitu, akawatambua wajukuu wake na shamba lake, lakini jina la kitu halitoki mdomoni. Ndugu hudhani amerukwa na akili, wakaanza kumsemea na kugawana mali mbele yake. Tena karibu nusu ya wagonjwa wa kiharusi hupata shida ya kumeza katika siku za kwanza. Hawa wakinyweshwa uji wakiwa wamelala, uji huenda kwenye mapafu na kuleta nimonia. Wengine hufa kwa nimonia hiyo, si kwa kiharusi chenyewe.

c) Mtoto mwenye mtindio wa ubongo. Mara nyingi hupaliwa, hutokwa na mate na hukonda kwa sababu mlo mmoja huchukua saa nzima. Mama huchoka, na mtoto huonekana kama ana utapiamlo wa kawaida.

d) Mtoto asiyesikia vizuri. Mwaka 2017 Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza kupandikiza vifaa vya kusaidia usikivu ndani ya sikio. Ni hatua kubwa. Lakini mtoto aliyepandikizwa kifaa hicho haanzi kusema siku hiyo hiyo. Anahitaji kufundishwa kusikia na kusema kwa miaka.

e) Mtoto mwenye usonji, mtoto aliyechelewa kusema, na mtu mwenye kigugumizi. Karibu watoto 5 katika kila 100 hupitia kipindi cha kigugumizi. Wengi huacha wenyewe, na katika watu wazima hubaki karibu mmoja katika kila 100.

3. KWA NINI HUKU KWETU HAWAPO?

Kwa sensa ya mwaka 2022, mikoa sita ya Kanda ya Ziwa, yaani Mwanza, Geita, Mara, Simiyu, Shinyanga na Kagera, ina watu zaidi ya milioni 16. Kati ya hao weka wagonjwa wote tuliowataja hapo juu. Wataalamu wa matamshi nchini ni wachache sana, na wengi wao wako Dar es Salaam.

Sababu ya kwanza ni mafunzo. Afrika Kusini ilianza kufundisha kazi hii katika miaka ya 1930. Kwetu Afrika Mashariki tulichelewa sana. Chuo Kikuu cha Makerere, Uganda, kilianza shahada yake mwaka 2008. Kabla ya hapo waliofanya kazi hii katika nchi zetu walikuwa zaidi wageni, au wenyeji wachache waliosomea ng'ambo. Hapa Tanzania, Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili kina shahada inayounganisha masuala ya usikivu na matamshi. Kwa hiyo kijana wa leo halazimiki kuvuka bahari kuisomea kazi hii.

Sababu ya pili ni ikama. Hospitali ya umma haiajiri mtu kwa kumpenda. Lazima nafasi yake iwemo katika ikama, yaani orodha ya watumishi wanaoruhusiwa, kisha kipatikane kibali cha ajira. Mganga mkuu akiwa na nafasi chache huomba kwanza daktari, muuguzi, mtu wa maabara na mfamasia. Mtaalamu wa matamshi huandikwa mwisho au haandikwi kabisa. Nasi hatuwezi kumlaumu, maana hakuna hospitali inayoendeshwa bila muuguzi. Lakini matokeo yake ni haya: wagonjwa wapo, kijana aliyesoma yupo, nafasi ya kumwajiri haipo.

Sababu ya tatu ni kwamba sisi wenyewe hatumwombi. Mzazi huja na mtoto bubu, akaambiwa "atasema tu", akaenda zake. Hakuna anayeandika kwenye daftari kwamba huduma ilihitajika ikakosekana. Mwisho wa mwaka taarifa ya hospitali husema hakuna mahitaji.

4. KIJANA AJIANDAEJE?

Msingi ni masomo ya sayansi: Fizikia, Kemia na Biolojia. Shahada huchukua miaka mitatu au minne kutegemea chuo. Mzazi asome mwongozo wa udahili unaotolewa kila mwaka na Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, ili ajue alama zinazotakiwa mwaka huo, na asisikilize maneno ya barabarani. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu hukopesha wanaostahili. Mkopo huo si zawadi; tutaona hapa chini jinsi unavyorudishwa.

Alama peke yake hazitoshi. Kijana anayefaa ni yule anayeweza kukaa na mtoto mmoja kwa nusu saa akirudia neno moja bila kukunja uso, na anayependa kuzungumza na wazee. Akiijua lugha ya kijijini pamoja na Kiswahili, hiyo ni mali kwake.

5. NAFASI ZA KAZI ZIKO WAPI?

Zipo za aina nne.

Kwanza, hospitali kubwa za rufaa za umma na za mashirika ya dini, ambako kuna upasuaji wa midomo sungura, wagonjwa wa kiharusi na kliniki za masikio. Kwa kanda yetu, Bugando ndiyo hospitali kubwa ya rufaa. Nafasi za serikali hutangazwa na Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, na mwombaji hufanyiwa usaili.

Pili, mashirika yanayohudumia watu wenye ulemavu. Haya hulipa kwa mkataba wa mwaka mmoja au miaka michache. Mshahara waweza kuwa mzuri, lakini mradi ukiisha na kazi imekwisha.

Tatu, shule. Shule zenye vitengo vya wanafunzi wenye mahitaji maalumu zinamhitaji sana mtaalamu huyu. Zenye uwezo wa kumlipa ni zaidi zile za binafsi za mijini.

Nne, kujiajiri. Mtaalamu hufungua chumba chake, au huzunguka nyumba kwa nyumba. Kazi ya namna hiyo hupata wateja mahali penye watu wa kipato. Wilayani ni vigumu kuishi kwa njia hiyo peke yake.

Wengine huuliza juu ya ng'ambo. Ni kweli kwamba Marekani mwaka 2023 ilikuwa na nafasi zaidi ya 180,000 za kazi hii, na mtu aliye katikati ya orodha ya mishahara alipata dola 89,290 kwa mwaka. Lakini huko hutakiwa shahada ya uzamili na leseni ya jimbo, na mtaalamu lazima aimiliki lugha ya wagonjwa kama mwenyeji. Shahada ya kwanza ya huku haimpeleki kijana moja kwa moja kwenye dola hizo. Mzazi asiuze ng'ombe kwa ndoto hiyo.

6. MSHAHARA NA MAKATO YAKE

Watumishi wa afya wa serikali wana ngazi zao za mshahara, zinazoandikwa kwa herufi TGHS. Muuguzi wa stashahada huanzia TGHS B, muuguzi mwenye shahada TGHS C, na daktari TGHS E. Kijana mwenye shahada ya matamshi asome ngazi iliyoandikwa katika tangazo la kazi kabla ya kuomba. Mwezi Julai 2025 kima cha chini cha watumishi wa umma kilipanda kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000. Mwenye shahada huanza juu ya hapo.

Hospitali za misheni hulipa kwa namna mbili. Baadhi ya watumishi wetu hulipwa na serikali kwa makubaliano maalumu ingawa wanafanya kazi kwetu. Wengine hulipwa na hospitali yenyewe kutokana na mapato yake. Kundi hili la pili ndilo linaloyumba, hasa wagonjwa wakipungua au bima ikichelewa kulipa.

Jambo ambalo vijana wengi hawaambiwi ni makato. Tuchukue mfano wa mtaalamu anayelipwa na hospitali ya misheni shilingi 1,000,000 kwa mwezi. Mshahara huo ni wa mfano wa hesabu tu, lakini viwango vya makato ndivyo vinavyotumika:

– NSSF, asilimia 10: shilingi 100,000
– Kodi ya mapato kwa viwango vilivyoanza Julai 2021, ikipigwa juu ya 900,000 zilizobaki: shilingi 103,000
– Bima ya afya, NHIF, asilimia 3: shilingi 30,000
– Bodi ya Mikopo, asilimia 15 ya mshahara wa msingi: shilingi 150,000

Jumla ya makato ni shilingi 383,000. Mkononi hubaki shilingi 617,000. (Aliyeajiriwa serikalini hukatwa asilimia 5 ya PSSSF badala ya asilimia 10 ya NSSF.)

Kutoka katika 617,000 hizo kijana atoe kodi ya nyumba, chakula, nauli, na msaada kwa wazazi waliomsomesha. Tunaandika haya si kwa kumkatisha mtu tamaa. Tunataka mzazi asione mshahara wa milioni moja katika tangazo akaanza kumdai kijana milioni moja. Ugomvi mwingi wa nyumbani huanzia hapo.

7. HESABU YA HOSPITALI

Sasa tuitazame hesabu hiyo hiyo upande wa mwajiri. Hospitali inayomlipa mtu 1,000,000 huongeza asilimia 10 yake ya NSSF, yaani 100,000, na asilimia 0.5 ya mfuko wa fidia kwa wafanyakazi, yaani 5,000. Kwa nyongeza hizo mbili peke yake jumla ni 1,105,000 kwa mwezi, au 13,260,000 kwa mwaka.

Mtaalamu wa matamshi haoni wagonjwa 40 kwa siku kama kliniki ya kawaida. Kila mmoja humchukua nusu saa hadi saa nzima, mbali na kuandika taarifa na kuzunguka wodini. Tuseme anahudumia watu 6 wa kliniki kwa siku, siku 20 kwa mwezi. Hao ni 120. Ukigawa 1,105,000 kwa 120 unapata karibu shilingi 9,200 kwa kila mara moja.

Hospitali ikitoza 5,000 ili mwananchi amudu, hukusanya 600,000 na kupungukiwa 505,000 kila mwezi. Ikitoza 9,200, mama anayemleta mtoto mara moja kwa wiki kwa wiki 12 hulipa 110,400. Ongeza nauli ya 6,000 kwenda na kurudi, ni 72,000 nyingine. Jumla 182,400. Mama anayelima ekari mbili za mihogo atakuja mara ya kwanza na ya pili, ya tatu hatumwoni. Tusiseme ni mzembe. Pesa zimekwisha.

Hivyo tunaona kwamba kama kila hospitali itasubiri hadi iweze kumwajiri mtaalamu peke yake, tutasubiri miaka mingi.

8. TUFANYEJE?

Iko njia inayowezekana. Hospitali nne zilizo jirani zinaweza kumwajiri mtaalamu mmoja kwa pamoja. Kila moja itachangia 276,250 kwa mwezi kwa mfano wetu wa juu, na kumpata wiki moja kila mwezi. Katika wiki hiyo huwachunguza wagonjwa wapya, hubadilisha mazoezi ya wale wa zamani, na huwafundisha wauguzi na watu wa mazoezi ya viungo. Wiki tatu zinazobaki mama hufanya mazoezi na mtoto nyumbani, dakika 10 kila siku. Kwa mtoto aliyechelewa kusema hilo si jambo la kubahatisha, kwa kuwa mtoto hujifunza lugha kwa yule anayeshinda naye. Mama huokoa nauli, na mtoto hupata mazoezi mengi kuliko ya mara moja kwa wiki.

Makubaliano hayo yaandikwe, na ijulikane ni nani analipa nauli ya mtaalamu kutoka hospitali moja hadi nyingine. Asipolipwa nauli, mwezi wa tatu atakuwa amekwenda mjini. Tena yafaa kila hospitali ianze leo kuandika katika daftari wagonjwa wote wenye shida ya kusema na kumeza. Daftari hilo ndilo litakalopelekwa kwa mganga mkuu na kwa halmashauri wakati wa kuomba nafasi iingizwe katika ikama. Tume ya Kikristo ya Huduma za Jamii, CSSC, iliyoanzishwa mwaka 1992, huziunganisha hospitali za makanisa katika mazungumzo na serikali. Ombi lenye hesabu husikilizwa kuliko malalamiko.

Afrika Kusini inafanya jambo jingine. Mhitimu wa kazi hii hutakiwa kufanya mwaka mmoja wa huduma kwa jamii, akilipwa mshahara, na wengi hupangiwa hospitali za vijijini. Baadhi huipenda kazi ya huko na kubaki. Nasi tunaweza kujifunza kutoka hapo. Kijana akionja kazi ya vijijini akiwa analipwa, hatoiogopa.

Kumpata ni jambo moja, kumbakiza ni jingine. Miaka yetu ya kazi imetuonyesha kwamba mtumishi huondoka wilayani si kwa ajili ya mshahara peke yake. Huondoka kwa kukosa nyumba yenye maji na umeme, mwenzi wake kukosa kazi, mshahara kuchelewa, na kukosa mtu wa kumwuliza anapopata mgonjwa mgumu. Nyumba safi karibu na hospitali inaweza kuwa na thamani kuliko nyongeza ya 100,000. Pia tuache tabia ya kumwomba kijana "ajitolee kwanza" mwaka mzima bila malipo. Bodi ya Mikopo inamsubiri, na mama yake pia.

9. TUNAPOMSUBIRI MTAALAMU

Familia haina budi kujua mambo haya ya msingi.

Kwa mtoto: mwaka mmoja aanze kutamka neno moja moja kama "mama". Miaka miwili aunganishe maneno mawili, kama "mama njoo". Miaka mitatu mgeni aelewe sehemu kubwa ya maneno yake. Akiwa nyuma sana, jambo la kwanza ni kupimwa masikio. Mwonaneni na mganga msingoje aanze shule.

Zungumzeni na mtoto mnapomwogesha, mnapopepeta mchele, mnapokwenda kisimani. Akisema "maji", mwongezeeni: "Ndiyo, maji baridi." Simu na televisheni havimfundishi mtoto mdogo kusema kama mtu anayemjibu.

Kwa mgonjwa wa kiharusi: asipewe chakula wala maji kabla muuguzi hajamjaribu kumeza. Akiruhusiwa, aketi wima, apewe kijiko kidogo kidogo, tuone amemeza ndipo tumpe kingine. Baada ya kula asilazwe kwa nusu saa. Akikohoa kila anapokunywa, au sauti yake ikiwa kama ina maji kooni, acheni na mleteni hospitali. Mnapozungumza naye tumieni sentensi fupi, mpeni muda wa kujibu, na ulizeni maswali ya "ndiyo" na "hapana". Msimsemee kama mtoto.

MASWALI MNAYOTUULIZA

Swali: Sista, majirani wanasema mtoto akatwe chini ya ulimi, au akatwe kimeo, ndipo atasema. Tufanye hivyo?
Jibu: Hapana, mama. Kimeo hakimzuii mtoto kusema, na kukikata kwa mganga wa kienyeji kumesababisha vifo kwa kutoka damu na maambukizi. Utando wa chini ya ulimi mara chache sana ndio chanzo cha kuchelewa kusema. Hospitali ndiyo itakayoamua.

Swali: Mtoto wetu ana kigugumizi. Baba yake humfokea aseme sawasawa. Je, inasaidia?
Jibu: Haisaidii. Mwambie baba amtazame mtoto na kumsubiri amalize. Msimmalizie neno. Kikidumu zaidi ya miezi sita, au mtoto akianza kuogopa kusema, mleteni.

Swali: Binti yangu ni muuguzi wa stashahada. Anaweza kufanya kazi hii bila kurudi shule?
Jibu: Anaweza kujifunza kumpima mgonjwa kumeza na kusimamia mazoezi yaliyopangwa, na hilo ni msaada mkubwa. Lakini hawezi kujiita mtaalamu wa matamshi. Akiipenda, atafute udahili wa shahada na aombe ruhusa ya masomo kwa mwajiri wake kwa maandishi.

YA KUJADILIANA KATIKA JUMUIYA NDOGO NDOGO

1. Katika jumuiya yetu kuna watoto au wazee wangapi wenye shida ya kusema au kumeza? Je, wamewahi kuonwa na mganga?
2. Tunaye kijana wa sayansi mwenye moyo wa kazi hii? Nani atamsaidia kusoma mwongozo wa TCU na kujaza fomu za mkopo?
3. Mtaalamu akikubali kuja kwetu, parokia inaweza kumsaidia nini: nyumba, shamba dogo, shule ya watoto wake?

Majibu ya swali la kwanza tunaomba muyaandike kwa idadi tu, bila majina, na mwenyekiti wa jumuiya ayalete katika hospitali iliyo karibu. Daftari la kuyaandikia lipo kwa muuguzi wa zamu, chumba cha wagonjwa wa nje.